Mtani wa Bakari na Swali Tusilopaswa Kuuliza

Siku mliyoniaga mlinipa keki na saa ya ukutani, mkasema, "Mama Mbwambo, tuandikie ya kazini ili tusipotee." Keki ililiwa siku ileile. Saa haijawahi kwenda sawasawa, sijui ni betri au ni ukuta wangu. Imebaki hii ya kuandika, na nawaonya mapema: kama mnadhani mtu aliyefanya kazi ya fidia mpaka nywele zikawa nyeupe lazima awe ameielewa, mtanisikitikia. Mimi nimestaafu nikiwa nimechanganyikiwa kuliko siku niliyoanza.

Niseme kwanza kile ninachokijua, maana ni kifupi. Mwajiri anachangia kwenye Mfuko wa fidia kila mwezi kwa ajili ya watu wake wote, kuanzia meneja hadi kibarua wa kupakia magunia. Mfanyakazi hakatwi kitu. Akiumia kazini, akiugua kwa sababu ya kazi au akifa, Mfuko unabeba mzigo: matibabu, malipo ya kipindi anachokaa bila kufanya kazi, pensheni kama ulemavu umebaki, na wategemezi wake kama mwenyewe hayupo tena. Hakuna anayeulizwa kosa ni la nani. Mwajiri alizembea, mashine ilikuwa mbovu, wewe mwenyewe ulisinzia, hayo si ya kwetu. Kilichobaki ni kujua kama umeumia kwa sababu ya kazi. Wenzetu wa zamani walikuwa wanakokota mguu uliovunjika mpaka mahakamani kubishana na tajiri mwenye wakili, na wengi walikata tamaa njiani. Sheria ikaja kuwaondolea hiyo adha.

Semina ya kuelezwa hayo haikumaliza hata asubuhi moja. Nikatoka nimekunja uso wa mtaalamu, nikapangiwa kusini, Nachingwea na Ruangwa. Mimi ni Mpare wa milimani kule Same. Korosho nilikuwa naijua ikiwa imekaangwa kwenye pakiti. Nilishuka kwenye basi na viatu vya kisigino, nikapokewa na vumbi jekundu na Bwana Lwena, afisa niliyemkuta pale, ambaye alitazama viatu vyangu, kisha akaenda kuniazimia mabuti ya mvua ya mke wake.

Bwana Lwena ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye tabia ya kunyamaza katikati ya sentensi mpaka ukadhani amesahau. Vifaa vyake vilikuwa futi ya fundi seremala, kamera ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa kwa sababu ya vumbi, na kigoda cha kukunja. Kigoda ndicho alichokithamini zaidi. Aliniambia, "Ukifika kwa majeruhi, usisimame. Mtu amelala, wewe umesimama juu yake na kalamu, atakuona polisi. Kaa chini kabisa. Na usianze na 'nani'. Uliza 'wapi' na 'ulikuwa unafanya nini'." Nilicheka moyoni, mzee mzima na kigoda chake. Baadaye nikanunua changu.

Kesi yangu ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja mbanguaji wa korosho pale Ruangwa. Ganda la korosho lina mafuta makali, yakikupata bila kinga yanakula ngozi. Mikono ya yule mama ilikuwa imebabuka mpaka hawezi kushika kijiko, analishwa na mwanawe. Msimamizi wake alitufuata mpaka mlangoni akilalamika: glavu alipewa, akazivua, akasema zinamchelewesha, kwa hiyo kosa ni lake, mwandikeni hivyo. Bwana Lwena akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sijakuuliza." Basi, ndiyo yote. Mama akatibiwa, akalipwa. Nikarudi nimefurahi, najiona nimeishika kazi yote kiganjani.

Kilichonitoa kwenye furaha hiyo ni mikutano. Tulikuwa tunazunguka vijijini kueleza watu kuhusu Mfuko. Mbekenyera tulikaa kwenye darasa la shule ya msingi, watu wazima wamebanana kwenye madawati ya watoto. Nikaeleza vizuri, nikajisifu kimoyomoyo. Mzee mmoja akanyoosha mkono: "Mimi mwaka jana nimejikata jembe kwenye ufuta wangu. Mnanilipa lini?" Nikamwambia hapana, mzee wangu, wewe hujaajiriwa, huna mwajiri anayekuchangia. Akafikiri. "Mke wangu akiniajiri?" Darasa zima likacheka, mke wake akiwa ameketi nyuma yake pale, naye akajibu kwa sauti, "Nitakufukuza kazi siku hiyohiyo!" Mimi nikageukia ubao na chaki yangu.

Mandawa ndiko walikonimaliza kabisa. Alikuwepo mfugaji wa Kisukuma, wale waliohamia na ng'ombe zao kutoka kanda ya Ziwa, mtu mpole mwenye fimbo ndefu. Akauliza: kama ameajiri kijana wa kuchunga na dume likamchoma pembe, inakuwaje? Nikafurahi, swali zuri. Nikamwambia akiwa mwajiri, ajisajili, achangie, na kijana wake akiumia atatibiwa. "Na kama kosa ni la ng'ombe?" Nikamwambia hatuulizi kosa. "Hata la ng'ombe?" Hata la ng'ombe. Akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema, "Basi hamumjui yule dume." Wenyeji na wageni wote wakacheka pamoja, jambo ambalo siku hizo lilikuwa nadra kwa sababu ya mashamba yaliyokuwa yanaliwa na mifugo.

Nawaeleza haya mjue kwamba shida haikuwa watu kutoelewa. Walielewa upesi sana. Kilichowashinda, na mimi kikanishinda baadaye, ni kuamini kwamba mtu anaweza kuumia na kusiwe na wa kumlaumu. Kwa kila ajali niliyofika, nilikuta mtu ameshapatikana. Kama si msimamizi, ni jirani mwenye macho mabaya. Kama si jirani, ni majeruhi mwenyewe, tena huyo ndiye mgumu kuliko wote. Ndiyo maana kesi ya Bakari haijanitoka mpaka leo.

Bwana Lwena alikuwa ameshahamishwa, mimi ndiye mkubwa na mdogo wa ofisi. Ulikuwa msimu wa mnada wa korosho, malori yamepanga foleni mpaka nje ya ghala moja pale Nachingwea mjini. Nilikwenda kukagua michango ya mwajiri. Ghalani magunia ya korosho hupangwa mpaka karibu na bati, na wabebaji hupanda na mzigo mgongoni kwa ubao ulioegemezwa kwenye rundo. Ni kazi ya shingo na magoti. Wanaifanya kwa kelele nyingi, kuimbiana na kutukanana, kama ngoma.

Siku hiyo ghala lilikuwa kimya. Nikamuuliza msimamizi, mtu wa kuja kama mimi, kuna nini.

"Mwenzao mmoja anaumwa. Bakari wa Lionja. Ameanguka nyumbani kwake, kwenye mkorosho. Amevunjika paja."

"Alipanda mkorosho?"

"Si alikuwa anachuma korosho."

Mbebaji mmoja nyuma yake akakohoa kwa nguvu. Jamani, hata mimi Mpare wa milimani nilikuwa nimeshajifunza kwamba korosho haichumwi mtini. Inaanguka yenyewe ikikomaa, watu wanaokota chini. Hakuna mtu wa kusini anayepanda mkorosho katikati ya msimu wa kuokota, tena siku ya mnada. Nikautazama ule ubao. Palikuwa na gunia limepasuka pembeni, korosho zimekanyagwa sakafuni na hakuna aliyezigusa. Nikampigia simu daktari wa wilaya. Akasema ndiyo, paja limevunjika vibaya, wamemfunga na kumwandikia rufaa ya hospitali kubwa akafanyiwe upasuaji, lakini familia imemrudisha nyumbani kwa sababu hawana uwezo. "Asipopasuliwa mapema mguu utaunga ukiwa umepinda," akasema. "Au tutakuja kuukata. Ana watoto yule."

Hiyo ndiyo ilikuwa hali. Ajali ikiwa ya nyumbani, mguu ni wake. Ikiwa ya kazini, gari la kumpeleka, upasuaji, kila kitu ni cha Mfuko. Palihitajika sentensi moja kutoka kinywani mwake. Nikapanda bodaboda kwenda Lionja nikiwa na kigoda changu mgongoni, nikijua nitarudi na sentensi hiyo kabla ya chakula cha mchana.

Bakari alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, mguu umefungwa kati ya mbao mbili, jasho limemjaa usoni. Mke wake Zainabu alikuwa anampepea na kipande cha boksi. Mama yake, bibi mzee asiyesikia Kiswahili vizuri, alikaa kwenye mkeka akiutazama ule mguu. Nikafungua kigoda, nikakaa.

"Pole sana, baba. Ulikuwa wapi ulipoanguka?"

"Kwenye mkorosho."

"Bakari. Korosho zinaokotwa."

Akafumba macho. Zainabu akaacha kupepea. Nikamweleza polepole, kama nilivyoeleza Mbekenyera: Mfuko hauulizi kosa la nani, hakuna atakayeshtakiwa, kinachotakiwa ni kujua tu kama ni kazini. Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Akafumbua macho.

"Mama, hiyo sheria yenu haiulizi kosa?"

"Haiulizi."

"Sasa wewe umekuja kuuliza nini?"

Loo! Nikasema nimekuja kujua ajali ilitokeaje. Akasema, "Nikikuambia ilitokeaje, si utajua nani?" Nikasema sitaandika nani. Akasema, "Lakini utajua." Nikasema nikijua hainihusu. Akasema, "Kama haikuhusu, basi usijue." Niliondoka Upare nikisifika kwa kubishana, na mtu aliyevunjika paja ananizungusha kama mtoto.

Ndipo tukasikia kilio nje. Kilio kikubwa cha msiba, mwanaume mzima analia kwa sauti ya kike: "Mmwera amekufa jamani! Amekufa na deni langu! Nani atanibebea magunia?" Nikashtuka, nikasimama. Zainabu hakusimama. Akauma midomo. Na yule bibi mzee, kwa mara ya kwanza, akacheka.

Akaingia mtu mnene mwenye misuli, amejifunga khanga kichwani kama mfiwa, amebeba kuku mmoja miguu juu. Huyo ndiye Haule, Mngoni kutoka Songea, mbebaji mwenzake Bakari ghalani. Wangoni na Wamwera ni watani. Wanasema babu zao walipigana mpaka wakachoka, wakabaki na kutukanana. Mtani anaweza kukutania mbele za watu, kukuchukulia kuku wako, kulala mlangoni kwako kwenye msiba mpaka umpe anachotaka, na huruhusiwi kukasirika. Siku ya shida yeye ndiye wa kwanza kufika. Kwetu pia kuna utani, ila wa kwetu una adabu kidogo, au labda umri umenifanya nisahau.

Haule akamwekea Zainabu kuku mikononi, akaniangalia.

"Huyu nani?"

"Afisa wa fidia," Zainabu akasema. "Mpare."

"Mpare! Watu wa kesi hao. Aa, basi kesi imefika nyumbani kwake." Akanigeukia kwa heshima ya uongo. "Mama, andika. Ni mimi nimemuua."

Nikafungua kalamu. Nikauliza, "Umesemaje?"

"Nimemuua. Ila alikuwa ameshakufa siku nyingi kwa uvivu, mimi nimemzika tu."

Bakari akacheka, na kucheka kukamtikisa mguu, akalia kwa maumivu. Akawa anacheka na kulia palepale, machozi yanamtiririka masikioni. Mimi kalamu imesimama hewani. Kipi ni maelezo ya shahidi na kipi ni utani? Semina hawakutufundisha hilo. Nilimuuliza Haule mara nyingine, tafadhali, wewe ulikuwepo? Akasema alikuwepo siku Bakari anazaliwa, na mkunga alitaka kumrudisha. Nikakasirika. Nikasema kwa ukali, nisifiche, kwamba mtu anakwenda kukatwa mguu hapa na nyinyi mnafanya mchezo.

Haule akauliza taratibu, "Kukatwa?"

Nikamweleza aliyoniambia daktari. Yeye hakuwa anajua. Alidhani ni mfupa wa kuunga kwa mganga wa mifupa na kurudi kazini. Akakaa chini kwenye mkeka pembeni ya yule bibi, khanga bado kichwani. Akamtazama Bakari.

"Kwa nini hujamwambia huyu mama?"

"Nimwambie nini?"

"Mtani, kwa nini hujamwambia?"

"Wewe ni mtani wangu," Bakari akasema. "Nikusemee kwa serikali? Halafu ukifukuzwa kazi, watoto wako nitawatania wakiwa na njaa?"

Nilidhani Haule atasema mwenyewe, na nafikiri alitaka. Lakini akainuka, akaenda mlangoni, akajilaza chini kukingama kizingiti chote, kama watani wanavyolala msibani.

"Mimi nimezuia msiba," akatangaza. "Huyu maiti hatoki, huyu Mpare hatoki, na huyu kuku hachinjwi. Nataka changu."

"Unataka nini?" Bakari akauliza, sauti imebadilika, maana mtani akishazuia hukatai, ukikataa umeuvunja utani wenyewe.

"Mwambie afisa ulianguka wapi."

Kuku alikuwa anapapatika mikononi mwa Zainabu. Yule bibi akauliza kitu kwa Kimwera, Zainabu akamjibu kwa sauti ndogo, na bibi akaupapasa mguu wa mwanawe ule mzima. Bakari akageuza uso ukutani.

"Ghalani," akasema. "Nilikuwa juu ya ubao, nina gunia mgongoni. Nilikuwa naimba, namtukana huyu, nasema Wangoni wamekuja kusini kufuata ugali. Yeye nyuma akaita nyoka. Nikashtuka. Nikateleza, gunia likaniangukia."

"Hapakuwa na nyoka," Haule akasema pale chini kwenye kizingiti. "Niliita tu. Kila siku naita. Kila siku huwa anacheka." Kisha akafunika uso na khanga, na kilio kilichotoka safari hii hakikuwa cha kike.

Mimi nililia pia, mjue hivyo. Niliandika huku nalia, na wino ukaenda pembeni.

Mnadhani hapo ndipo palipoisha kuchanganyikiwa? Hapo ndipo palipoanza. Nikampigia simu mkubwa wangu Dar es Salaam, mtu mzuri, msomi. Akauliza kama majeruhi alikuwa anafanya kazi au anacheza. Nikasema alikuwa anabeba gunia. Akasema lakini alikuwa anatukanana na mwenzake. Nikasema huku watu wanabeba gunia na kutukanana kwa pamoja, ukiwanyamazisha mzigo haupandi. Akasema sheria inaweza kumnyima mtu fidia kwa utovu wa nidhamu wa makusudi. Nikasema kuimba si utovu. "Na huyo aliyeita nyoka?" Nikasema huyo hajaumia, hadai kitu. "Lakini kosa si lake?" Nikajikuta namjibu kwa ukali wa Bwana Lwena, tena kwa mkubwa wangu: sikuuliza. Kisha akacheka, akasema gari liende.

Tena nilisema uongo, maana nilikuwa nimeuliza. Niliuliza siku nzima. Mpaka leo sijui ningefikaje kwenye "wapi" bila kupita kwenye "nani", na sheria inanitaka nisipite huko. Nimewauliza mawakili. Kila mmoja amenieleza vizuri sana, na kila mmoja kwa namna yake.

Bakari akapelekwa hospitali kubwa, akapasuliwa, akawekewa chuma. Mguu ukabaki, ila mfupi kidogo kuliko mwenzake. Akapata malipo ya kipindi cha kuugua, kisha pensheni kwa ule ulemavu uliobaki, na mwajiri akamrudisha kwenye kazi nyepesi ya kushona midomo ya magunia. Msimamizi, yule wa kuchuma korosho mtini, alitaka kumwondoa Haule kazini. Asubuhi hiyo wabebaji wote walikaa chini kwenye kivuli cha lori, malori yakapiga honi mpaka mchana. Haule hakuondolewa. Nikipita ghalani nilikuwa nawakuta, mmoja anapanda ubao, mwingine anashona chini, matusi yanapishana juu na chini. Neno nyoka tu ndilo halikusikika tena pale ndani. Bakari alilalamika kwangu kuhusu hilo. Akasema mtani wake amekuwa mtu mzima wa ghafla, hafurahishi.

Niliendelea na kesi nyingine, za mashine za kukoboa, za madereva, za kibarua aliyevuta vumbi la salfa, dawa inayopulizwa kwenye mikorosho, mpaka kifua kikabana. Nyingi zilikwenda vizuri na hazina hadithi. Kitu nilichobadilisha ni kimoja: kila nilipofika kwa majeruhi nilianza kwa kuuliza watani wake ni kina nani. Msicheke. Jaribuni.

Mwaka huu, nikiwa nimeshastaafu na ninaishi hapahapa Nachingwea maana mabuti yameshanizoea, Zainabu alinipigia simu. Haule amefariki. Presha, usingizini, kitandani kwake. Nilijikuta nauliza kwa mazoea, "Alikuwa kazini?" Zainabu akasema, "Hapana, mama. Huyu ni wetu tu." Mfuko haumhusu. Nikavaa khanga nikaenda kama mtu wa kawaida.

Walimzika kwa Kikristo. Watani wa Kimwera walikuwa wameshafanya vituko vyao tangu asubuhi: mmoja amevaa koti la marehemu, mwingine anadai kurithi redio. Bakari hakuwepo. Nikasikitika, nikasema moyoni labda ameshindwa. Jeneza likabebwa mabegani kwenda kaburini, kwaya inaimba, mjane anashikiliwa huku na huku.

Walipofika kwenye kingo za kaburi, tukamwona. Bakari alikuwa amelala ndani ya shimo, chali, mikono kifuani, mguu mfupi umejikunja. Amezuia msiba. Wazee wakamwomba atoke, akakataa. Wakamuuliza anataka nini. Akasema anataka kuongea na mtani wake. Wakamvuta juu, akachechemea mpaka kwenye jeneza, udongo mwekundu mgongoni. Akajaza kifua.

"Nyoka!"

Wabebaji walishtuka, jeneza likayumba, kwaya ikakatika, mwanamke mmoja akaruka na kiatu kikabaki. Kisha watu wakaelewa, wale waliokuwa wanaijua habari, wakaanza kucheka, na mjane naye akacheka. Mimi sikujua nicheke au nilie, nilifanya vyote viwili vibaya.

Bakari hakucheka. Aliweka sikio kwenye ubao wa jeneza, akasubiri. Akasubiri muda mrefu, mkono mmoja umeshika mbao, mpaka watu wakanyamaza mmoja mmoja. Kisha akainua kichwa, akatutazama wote, akanitafuta mpaka akaniona.

"Andika, Mpare," akasema. "Hakushtuka."